Shamba la Mkiani

Watu wa mlima mmoja walikuwa na mfereji mmoja. Juu kabisa palikuwa na bwawa walilochimba babu zao kwa majembe ya mkono, na kwenye ukuta wa bwawa palikuwa na tundu moja lililozibwa kwa gogo. Jioni tundu linazibwa, maji yanajaa. Alfajiri gogo linang'olewa, maji yanashuka. Yalipita kwenye mashamba arobaini na mawili, kila shamba na zamu yake, mpaka yakaishia chini kabisa kwenye matete. Maji yakifika, watu wanakula. Yasipofika, hawali. Hapakuwa na jambo la tatu.

Anayeng'oa gogo aliitwa mgawa maji, na kazi yake ilikuwa na desturi moja ya ajabu. Siku anapokabidhiwa gogo, aliwaachia ndugu zake shamba lake mwenyewe, akapewa shamba la kijiji lililo la mwisho kabisa, lile la mkiani. Hilo ndilo atakalolima na kula mpaka siku atakapoachia kazi. Kwa nini iwe hivyo, hakuna aliyeeleza. Waliikuta hivyo wakaishi nayo, kama mtoto anavyokuta mwiko wa kuruka mafiga, asiulize.

Mavura aligawa maji miaka ishirini na miwili. Kila nyumba ilimpa pishi moja ya mahindi kwa mavuno, na wengine, Mungu awasamehe, walimpimia yale yenye bungua. Alishinda ukingoni na jembe begani, anaziba mashimo ya panya, anazibua majani, anapiga kelele.

"We Nakiete! Zamu yako imekwisha, ziba hapo! Usinione mimi mjinga!"

"Nimeziba, baba! Ningekuwa mkeo mimi ningeshakimbia zamani!"

"Ungekimbia uende wapi, na maji ninayo mimi?"

Huyo Nakiete alikuwa mjane, analea wajukuu watatu walioachwa na binti yake. Shamba lake lilikuwa la arobaini na moja, juu kidogo tu ya lile la Mavura. Walitukanana hivyo kila siku ya zamu, wakicheka, na hakuna mwaka Nakiete alikosa maharage. Maji yaliyomfikia Mavura yalikuwa yamekwisha kupita kwa watu wote. Akichelewa kuamka, mahindi yake ndiyo yanayokunja majani kwanza. Akimwachia mtu wa juu aibe zamu, anaibiwa yeye. Hakuhitaji kuletewa habari za wenye kiu. Alikuwa wa kwanza kuwa na kiu.

Magoti ya Mavura yakachoka. Wakampa kazi mpwa wake, Kibacha, kwa sababu hapakuwa na mwingine aliyeitaka. Kibacha alilala mpaka jua linachoma. Ukimpelekea kuku, unapata zamu mbili. Usipompelekea, unaambiwa bwawa halijajaa. Lile shamba la mkiani hakulilima kabisa. Ya nini kulima, na kuku wanakuja wenyewe kwa miguu? Likaota magugu yanayomzidi mtu kimo. Hapo ndipo watu wangeshtuka. Walipita pale kila siku wakienda kukata majani ya ng'ombe, wakayaona yale magugu, hawakushtuka.

Walipochoka naye wakaitisha mkutano. Akasimama Elieza, mwenye duka la pale njia panda, mtu wa maneno.

"Jamani, pishi ya mahindi! Mtu mwenye akili zake aache shughuli zake aje kuzoa matope kwa pishi ya mahindi? Mnalipa kama mnamfukuza mbwa, halafu mnashangaa mmempata Kibacha. Lipeni vizuri, muone watu watakavyokuja!"

Wakapiga makofi, na Nakiete akapiga. Elieza hakukosea yote. Mavura alistahili zaidi ya ile pishi, na hao waliompimia mahindi ya bungua miaka ishirini na miwili walipaswa kuinamisha vichwa siku ile. Mtu hafanyi kazi ya watu huku watoto wake wanalala njaa. Basi wakatoka kwenye pishi wakafika debe. Debe zima, kila nyumba. Nakiete alijua debe lake litatoka kwenye sahani za wajukuu watatu, akasema sawa, heri debe litoke na maji yaje.

Wangeishia hapo. Lakini watu wakishaanza kutoa hawajui pa kusimama. Mmoja akasema mtu wa madebe arobaini na moja hawezi kulala kwenye kibanda cha nyasi, wakamjengea nyumba ya bati karibu na bwawa. Mwingine akasema, "Na lile shamba la mkiani je? Mtu wa heshima zake angoje maji nyuma ya wajane? Si tutachekwa!" Wakacheka. Wakakata kipande cha kijiji kilichokuwa juu, chini tu ya ukuta wa bwawa, wakasema hilo litakuwa shamba lake. La kwanza kunywa. Jambo hilo lilipita upesi kuliko yote. Hata chai waliyomiminiwa wazee ilikuwa haijapoa. Desturi ya mababu iliondolewa na watu wanaojipangusa midomo.

Basi watu wakaja, kama Elieza alivyosema. Kazi iliyokuwa ya kubembelezana ikapata waombaji kumi na mmoja. Wamo ambao hawakuwahi kushika jembe tangu wazaliwe. Wamo waliorudi kutoka mjini wakiuliza mfereji unapita wapi. Walichinja mbuzi, wakagawa chumvi na kanga, wakawabeba wagonjwa ambao jana yake hawakuwajua majina. Hakuna aliyejiuliza: kama mtu anatoa mbuzi sita ili apewe kazi ya kuwatumikia ninyi, mbuzi hao anategemea kuwarudisha kutoka zizi la nani?

Akashinda Sangiwa, mwenye maghala mawili ya nafaka. Wanawake kwenye mashine ya kusaga walifurahi.

"Huyu ameshashiba kwao. Ataiba nini?"

"Na viatu vyake umeviona? Kibacha alikuwa anavaa viatu vya watu!"

Na Sangiwa hakuwa mwizi. Hilo lazima lisemwe. Hakupokea kuku wa mtu. Gogo aliling'oa kwa wakati. Maji yakatoka, yakaingia kwanza kwenye shamba lake, kwa kuwa ndipo yalipopita. Akapanda kabichi, ambazo mjini zina bei, na kabichi hunywa asubuhi na hunywa jioni. Alipoona zinastawi akaongeza matuta. Matuta yakiongezeka, mlango wa maji wa shamba lake unachelewa kuzibwa. Hapakuwa na wa kumpigia kelele, maana mpiga kelele alikuwa yeye. Mashamba ya katikati yakaanza kupata maji adhuhuri. Huku chini ikawa inakuja tope, kisha unyevu, kisha hakuna chochote. Sangiwa hakuwachukia watu wa chini. Hakuwaona. Kila asubuhi alifungua dirisha lake jipya, akaona maji yanapita mbele ya macho yake, mengi, safi, akamshukuru Mungu kwamba kijiji kina maji.

Maharage ya Nakiete yalikuwa yametoa maua. Anayelima anajua siku hizo: ua la haragwe linataka maji wiki ile, si wiki ijayo. Alituma salamu juu mara ya kwanza. Jibu likarudi, "Maji yapo, nimeyaona kwa macho yangu leo asubuhi." Akatuma mara ya pili. Jibu likarudi lilelile. Akaanza kubeba maji kwa ndoo kutoka kwenye matete, yeye na shingo yake ya miaka sitini, akimwagia shina moja moja kwa kopo, na maua yakawa yanadondoka nyuma yake kama anayatikisa kwa mkono.

Siku ya nne akaacha ndoo, akapanda. Alifuata mfereji hatua kwa hatua akitafuta ulipobomoka, maana alidhani kuna mahali umebomoka. Haukubomoka. Kingo zilikuwa nzima, zimepigwa vizuri, mfereji mzuri kuliko wakati wa Mavura, mkavu. Akaendelea kupanda mpaka akasikia vyura. Vyura! Alisimama pembeni ya shamba la Sangiwa, miguu yake ikazama kwenye maji yaliyotuama kati ya matuta.

Sangiwa akatoka na kikombe mkononi. Alimsalimu kwa adabu, maana alilelewa.

"Shikamoo mama. Karibu chai."

"Marahaba. Sikuja kunywa chai. Maharage yangu yanakufa, baba."

Akamsikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, kwa upole, "Mama, mimi sijachukua cha mtu. Debe, mlinipa. Nyumba, mlinipa. Shamba hili mlinikatia wenyewe mkutanoni, na wewe ulikuwepo. Maji yanapita kwangu kwanza kwa sababu ndipo mliponiweka."

Nakiete akachomoa miguu yake kwenye maji, akaanza kushuka. Lile ndilo lililomuuma kushuka mlima wote ule: kwamba mtu amekula chakula cha wajukuu wake, na hakuna hata neno moja alilosema la uongo.

Mavuno yakafika, mkutano ukaitishwa. Ndugu zangu, mnadhani uliitishwa kwa ajili ya maji? Sangiwa aliomba debe la pili. Alisema majukumu yameongezeka, wageni ni wengi, na mgawa maji wa mlima wa pili analipwa zaidi. Elieza akasimama tena kumsaidia. "Tukimbania huyu ataondoka, na mkumbuke tulikotoka! Mnataka Kibacha?" Na wenye mashamba ya juu wakatikisa vichwa kukubali, maana wao maji bado yaliwafikia.

Nakiete alikuja na kitu kwenye upande wa kanga. Alipita katikati ya watu, akakifungua, akakiweka juu ya meza mbele ya Sangiwa. Lilikuwa shina la mharage, na mizizi yake, kavu, halina hata ganda moja. Akasema:

"Mwongezeni hata gunia mkitaka, na mimi nitatoa langu, lakini ashuke alime mkiani."

Mavura alikuwa ameketi pale nyuma na magoti yake mabovu, na watu wakageuka kumtazama kana kwamba ndiyo kwanza wanamwona.

Nakiete hakukaa. Aliwageukia wale kumi walioshindwa na Sangiwa, wote walikuwepo, wamevaa vizuri, wanangoja siku yao. Akawauliza kama yupo kati yao anayeitaka kazi hiyo kwa madebe mawili, nyumba ya bati juu yake, na shamba la mkiani. Madebe mawili! Mara kumi na zaidi ya alichopewa Mavura. Mmoja akatazama viatu vyake. Mmoja akakumbuka ana mgonjwa nyumbani. Mmoja, yule aliyechinja mbuzi sita, akacheka na kusema, "Mama naye ana utani." Hakuna mkono ulioinuka. Na Sangiwa mwenyewe, mtu wa adabu, alilisogeza lile shina pembeni kwa ncha ya kalamu ili lisimchafulie karatasi.

Wakubwa wa mkutano wakanong'onezana. Kisha wakasema wazo la mama ni zuri sana, wamelipokea, litazungumzwa msimu ujao. Debe la pili wakalipitisha siku ileile.

Nakiete alitoa madebe yake mawili. Alilazimika kununua moja. Lile shina aliliokota mezani akaondoka nalo, na mwaka ule wajukuu wake walikula majani ya maboga mpaka maboga nayo yakaisha.

Nanyi mnaobishana vibarazani na redioni kama wakubwa waongezwe mshahara ili tupate wakubwa bora, sitawaambia muongeze wala mpunguze. Nauliza tu: huyo mnayempa kiti, akiugua anatibiwa zahanati ipi, mwanawe anakaa dawati lipi, na maji anayokunywa yamepita kwanza kwa nani kabla hayajamfikia yeye?