Maji Yaliyolala Chini ya Maji

Paukwa!
— Pakawa!
Kisima kipo?
— Kipo!
Maji yamo?
— Yamo!
Basi semeni polepole, msiyaamshe.

Hapo zamani za kale, siku ya Jumanne, saa kumi na mbili na robo asubuhi, Nguchiro alivuta kamba kutoka kisimani. Akahesabu. Akahesabu tena.

Ilikuwa siku ya arobaini na moja tangu mvua ikatike. Mvua nyingine ilikuwa mbali. Hata wingu la kudanganyia watoto halikuwapo.

Ngojeni kwanza niwaeleze habari za kamba hiyo.

Bonde la Mchangani lilikuwa na kisima kimoja. Wanyama walikichimba wote. Mhanga, fundi wa mashimo, alitangulia na makucha yake. Ngiri akasukuma udongo kwa meno yake. Kanga akaparura, paru, paru, paru. Nguchiro akabeba changarawe. Wakachimba siku tisini. Siku ya tisini wakasikia: chwaa! Maji! Wakaonja. Matamu! Wakacheza ngoma mpaka vumbi likawa mawingu. Kisha wakachora mifereji, kila mmoja akapata shamba lake, kila mmoja akapata zamu yake, vibuyu arobaini kwa zamu.

Lakini Mhanga alipotoka shimoni, tope mpaka masikioni, hakucheza.

"Fundi, mbona umenuna?" Kanga akamuuliza. "Umeacha mkia huko chini?"

"Chini nimesikia kitu," Mhanga akasema. "Haya maji matamu ni membamba. Yameelea, kama mafuta juu ya mchuzi. Chini yake yamelala maji mengine, ya chumvi, mengi, hayana mwisho. Tukiteka haya ya juu kupita kiasi, yale ya chini yatapanda. Na aliyelala usimwamshe. Ukimwamsha, utalala wewe."

Basi wakaogopa, na hofu ikawapa akili. Wakasokota kamba ya mkonge, wakaifunga mafundo kumi na mawili, wakaning'iniza jiwe. Kila asubuhi, kabla hajateka mtu yeyote, kamba ishushwe mpaka jiwe liguse chini. Fundo lililolowa ni maji. Fundo kavu ni upungufu. Makavu yakifika tisa, kisima kilazwe siku nane. Maji ya kunywa tu. Shamba lisipate hata tone.

Nani apime? Wakamchagua Nguchiro. Nguchiro alihesabu kila kitu. Aliwahesabu hata watoto wake kabla ya kulala: wanne. Kisha mara ya pili: wanne.

Na Jumanne hiyo kamba ilishuka, shuu, shuu, shuu. Jiwe likapiga maji: chubwi! Ikavutwa. Na makavu yalikuwa tisa.

Nguchiro akatazama nyuma. Foleni ilikuwa ndefu. Na zamu ya siku hiyo ilikuwa ya nani? Ilikuwa yake mwenyewe! Kunde zake zilikuwa zimeanza kutoa maua, na kunde kwenye maua ikikosa maji hupukutisha yote. Ghalani zilibaki kunde za kiganja kimoja. Watoto wanne, kiganja kimoja.

"Mangapi makavu, Mama Kamba?" Ngiri akanguruma. "Sema upesi. Jua halingoji mtu."

Nguchiro akafumba kiganja juu ya fundo la tisa.

"Manane!"

Sauti ilimtoka kama chura anavyoruka majanini, hujui hata alikuwa wapi.

"Manane!" wote wakaitikia. Wakashusha pumzi. Nguchiro akateka vibuyu vyake arobaini. Maji yakakimbia mferejini, kunde zikanywa, majani yakainuka. Yeye peke yake hakuinuka. Moyo wake ulikuwa umeinama.

"Leo tu," akajiambia. "Kesho nitasema."

Jumatano, kamba ikashuka, shuu, shuu, shuu. Jiwe likapiga maji: chubu. Makavu tisa na nusu. Sasa aseme nini? Akisema tisa, wataanza kuuliza habari ya jana.

"Mangapi makavu?"

"Manane!"

"Eh, shoga yangu," Kanga akacheka, "kisima chako leo mpole kama mkwe mpya."

Nguchiro akacheka pia. Kicheko chake kilikuwa kikavu kuliko kamba.

Alhamisi, kamba ikashuka, shuu, shuu, shuu. Jiwe likasema: chu. Makavu kumi. Kiganja hakikutosha tena. Nguchiro akachovya mkia wake kwenye kibuyu, akajifanya anainama kuondoa tope, akalipaka fundo la tisa maji, akalipaka la kumi.

"Mangapi makavu?"

"Manane!"

Zamu ya Alhamisi ilikuwa ya Ngiri. Ngiri akateka. Kwa kawaida Ngiri huimba anapoteka. Siku hiyo hakuimba. Nguchiro akaliona hilo, akaogopa, hakuuliza.

Ijumaa pia alisema manane. Ijumaa akaenda nyumbani, akachuma majani ya kunde, akayapika kwa maji ya kisimani. Saa sita na nusu mchana akapakua. Watoto wakala, wakalamba vidole, wakalamba vyungu.

"Mama, mboga ya leo tamu!" wakasema. "Leo umetia chumvi vizuri!"

Nguchiro akatazama kibuyu cha chumvi. Kizibo chake kilikuwa mahali pake. Utando wa buibui ulikuwa juu ya kizibo. Hakuwa ametia chumvi.

Akaonja. Kweli, mboga ilikuwa na chumvi.

Akatoka mbio. Akafika shambani, akapita kwenye mfereji. Kingo za mfereji, pale maji yalipokauka, zilikuwa na weupe, kama kwamba mtu alipita akimwaga unga. Akalamba. Akatema. Akasimama katikati ya kunde zake zilizokuwa na maua, na miguu yake ikataka kukimbia, lakini haikujua iende wapi. Unakimbiaje kitu kilicho chini ya miguu yako?

Saa kumi na moja jioni akaenda kwa Mhanga. Mhanga ndiyo kwanza alikuwa akiamka, maana mchana hulala. Alikuwa akijikuna mlangoni.

"Hodi, fundi."

"Karibu, Nguchiro. Mbona unahema? Nani anakufukuza?"

"Makavu ni kumi," Nguchiro akasema. "Jumanne yalikuwa tisa. Nilisema manane. Nilisema manane siku nne. Na maji yana chumvi."

Alidhani Mhanga atamkaripia. Alitaka akaripiwe. Aliyekaripiwa hujua kwamba mbele yake kuna mkubwa, na mkubwa ana dawa. Lakini Mhanga hakukaripia. Mhanga aliinama, akaweka sikio lake refu juu ya ardhi, akasikiliza. Na masikio ya Mhanga yakaanza kutetemeka.

Hapo ndipo Nguchiro alipoogopa kweli. Mchimbaji akiogopa shimo, nani atashuka?

"Kule nilikozaliwa kulikuwa na kisima," Mhanga akasema polepole. "Leo kuna weupe tu. Hata mchwa hawakai. Mama yangu alitutoa huko, na usitake kujua tulitembea siku ngapi."

"Yakilazwa, yatashuka tena?"

"Pengine."

"Kwa siku nane?"

"Pengine nane. Pengine arobaini. Pengine yameshazoea kuwa macho. Mimi nachimba, mwanangu. Sijui kuyabembeleza."

"Fundi, nitawaambiaje?"

"Kama ulivyoniambia mimi. Na uwaambie kabla hawajateka. Kila kibuyu kinachotoka kinamvuta yule wa chini mguu."

Jumamosi asubuhi Nguchiro alikuwa wa kwanza kisimani. Wakaja wote na vibuyu vyao. Kamba ikashuka, shuu, shuu, shuu. Jiwe halikusema kitu walichoweza kusikia.

"Mangapi makavu, Mama Kamba?"

Nguchiro hakufumba kiganja. Aliinua kamba juu, kila mtu aione.

"Kumi na nusu."

Wakaisogelea kamba.

"Kumi na nusu?" Kanga akasema. "Shoga, yamelala manane yakaamka kumi na nusu? Yamezaa?"

"Hayajazaa. Nilidanganya. Jumanne yalikuwa tisa. Zamu ilikuwa yangu, kunde zangu zilikuwa kwenye maua, nikasema manane. Jumatano nikaogopa Jumanne. Alhamisi nikaogopa Jumatano, nikayapaka mafundo maji kwa mkia. Sasa maji yana chumvi. Onjeni."

Wakaonja. Vibuyu vikaanguka, tobwe! tobwe!

Ngiri akaparura ardhi. Macho yakawa mekundu. "Mwongo wewe! Tumekupa kamba, tumekupa maisha yetu, wewe unapaka maji mafundo kwa mkia! Mahindi yangu yamebeba! Mimi nitawalisha nini watoto, kamba yako?"

"Sina la kujitetea, kaka Ngiri."

"Usiniite kaka!"

Akamjia. Nguchiro akafumba macho. Lakini hatua za Ngiri zikasimama. Nguchiro akafumbua. Ngiri alikuwa ametazama chini, anapumua kwa nguvu, fuu, fuu, na hasira ilikuwa bado ipo, ila ilikuwa imekosa njia.

"Mimi nilionja Jumatano," Ngiri akasema.

"Ulionja nini?" Kanga akauliza.

"Chumvi! Ilikuwa kidogo. Ningesema, tungelaza kisima. Na kesho yake ilikuwa zamu yangu." Akatema mate. "Nikateka arobaini. Nikaongeza tano."

Kanga naye akasema, "Na mimi jana nilionja. Nikasema, labda ni kinywa changu tu, maana kinywa changu kimezoea umbeya." Hakuna aliyecheka, hata yeye.

Wakasimama kukizunguka kisima. Shimo jeusi katikati, na wao pembeni, kila mmoja akiogopa kuvuta pumzi kwa sauti. Wakakubaliana. Kisima kilazwe kuanzia saa ile. Maji ya kunywa yapimwe, kibuyu kimoja kwa nyumba. Kamba ishikwe na wawili kila asubuhi, na wa pili asiwe mwenye zamu ya siku hiyo.

"Na mpimaji mpya ni nani?" Ngiri akauliza.

"Mwacheni huyu huyu," Kanga akasema. "Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Huyu sasa atashtuka kwa niaba yetu sote. Mimi nitakuwa wa pili. Nikiona fundo kavu, hata mkinifunga mdomo nitalia."

"Siku nane," Ngiri akasema. "Mahindi yangu hayafiki siku nane."

"Na kunde zangu hazifiki," Nguchiro akasema.

Mhanga aliyekuwa amekuja kusinzia kivulini aliinua kichwa kidogo. "Unyevu uliomo ardhini ni huo huo," akasema. "Midomo ndiyo mingi." Akarudi kusinzia.

Jumapili asubuhi, saa kumi na mbili na robo, Nguchiro na Kanga walishusha kamba. Kumi na nusu. Haikupanda. Haikushuka. Wakaitaja hesabu kwa sauti moja, wakaiviringisha kamba, wakaiweka. Kisha Nguchiro akaenda shambani kwake. Akaziba mdomo wa mfereji wake kwa tope, akalishindilia. Akaanza na mstari ulio karibu na maji, ule wa kijani kuliko yote, ule uliokunywa Jumanne. Akashika shina la kwanza lenye maua. Akang'oa. Chopo! Akang'oa la pili. Chopo! Akaumaliza mstari ule wote. Mstari wa pili akauacha, upate unyevu wa ule wa kwanza. Wa tatu akaung'oa. Wa nne akauacha. Alipofika wa tano akasikia, ng'ambo ya mfereji, meno ya Ngiri yakichimbua mahindi, chopo, chopo, mstari mmoja anang'oa, mstari mmoja anauacha. Hawakusalimiana. Waling'oa tu.

Mafunzo ya hadithi hii ni haya: maji ya chini hayaonekani kwa macho, yanaonekana kwa kipimo. Anayedanganya kwenye kipimo huwanywesha chumvi wote, na anayeonja chumvi akanyamaza amedanganya pia.

Hadithi yangu imekomea hapo. Mwenye kiu anywe, amwachie na mwenzake.