Programu Iliyokufa Bila Wosia

Mwiba ni mdogo, ndiyo maana watu huupuuza. Wahenga hawakuupuuza, walituonya kwamba mdharau mwiba mguu huota tende. Mfamasia wa zahanati moja aliusikia msemo huo tangu utotoni, akadhani unawahusu watembea peku.

Alikuwa amejifunza kuandika programu kwa miezi miwili tu, na kichwa kilikuwa kimeshavimba. Programu yake ya kwanza ilisoma joto la friji ya chanjo kila dakika kuanzia Jumatatu, ikavishika vipimo vyote kwenye kumbukumbu yake, ili iviandike kwenye faili Ijumaa jioni ikimaliza kazi. Wauguzi waliokuwa wakiandika joto daftarini asubuhi na jioni waliambiwa wapumzike.

Kaka yake, fundi wa kompyuta, aliikagua akaguna. Alimshauri aongeze mistari minne: programu ikiamriwa kusimama ghafla, kwanza ihifadhi vipimo, ndipo iage.

"Mwenye watoto hafi bila wosia," alimwambia. "Na hii yako ina watoto maelfu."

"Kaka, nani ataizima? Si niko nayo mwenyewe?"

Ijumaa asubuhi mkaguzi wa chanjo aliingia. Nje, kina mama walijaa mabenchini na vichanga vyao, akiwemo mdogo wa kike wa mfamasia. Mkaguzi alitaka rekodi za joto za wiki nzima, kwa sababu Jumatano umeme ulikatika kwa saa kadhaa. Kompyuta iliendelea kwa betri yake, lakini friji haikuwa na betri.

Mfamasia alitabasamu. Vipimo vilikuwa vikipita kwenye dirisha jeusi la programu, naye akabonyeza vitufe viwili vya kunakili, kama alivyozoea akiandika barua. Hakujua kwamba ndani ya dirisha lile vitufe hivyohivyo huiamuru programu isimame.

Ikasimama. Alitafuta faili, hakuna. Aliiwasha upya, ikaanza na kipimo cha kwanza kana kwamba imezaliwa dakika ile.

"Siku nne ziko wapi?" mkaguzi aliuliza.

"Zilikuwa hapa."

Mkaguzi aliomba daftari, wauguzi wakamwonyesha kurasa tupu za wiki hiyo. Basi akasema kwa upole kwamba chanjo isiyojulikana imepata joto gani hapewi mtoto, akaandika amri kwamba chanjo zote ziteketezwe.

Mfamasia alitoka mwenyewe kuwaambia kina mama. Aliwaambia chanjo zote zitateketezwa. Mdogo wake alikuwa ameshamfunua mtoto paja, tayari kwa sindano.

"Dada, kwani zimeharibika?"

"Sijui," alijibu, machozi yakimtoka. "Huenda ni nzima kabisa. Mimi ndiye niliyefanya tusijue."

Mdogo wake alimfunika mtoto, akamweka mgongoni, akaondoka bila chanjo pamoja na wenzake. Kwa mistari minne tu iliyoonekana haina maana, watoto wa zahanati nzima walirudi nyumbani bila kinga. Kweli, mdharau mwiba mguu huota tende.