Mlango wa Mninga

Nyumba njema si mlango. Wahenga waliposema hivyo hawakuwa na ugomvi na maseremala. Walitukanya tusisifu sura ya nje kabla ya kuingia ndani.

Katika mji mmoja mdogo palikuwa na kanisa kuukuu la mawe na chokaa, kuta zake nene, paa lake limebebwa na boriti saba. Lilijengwa na babu wa mzee mmoja mwashi. Dada yake mwashi huyo, ajuza aliyebatizwa na kufungishwa ndoa humo, alikuwa na ombi moja tu kwa mwanawe.

"Siku yangu ikifika, mniombee mle ndani."

Mwanawe ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa kamati ya ukarabati, na alikuwa mpenda makuu. Aliagiza mlango wa mninga wenye nakshi, kisha akaamuru kuta zipigwe plasta ya saruji.

"Mpwa wangu," mwashi alimsihi, "ukuta huu unavuta unyevu kutoka chini. Chokaa inautoa nje. Saruji itaufungia ndani, na boriti zitaoza. Ile ya tatu nimeichoma patasi, imeingia kama kwenye ndizi mbivu. Anza na boriti."

"Mjomba, boriti nani anaziona? Wageni wanaona mlango. Wewe na chokaa yako mtazikwa pamoja!"

Kamati ikaangua kicheko. Mzee alikusanya zana zake akaondoka, roho ikimuuma.

Mlango ulisifiwa hadi miji ya jirani. Misimu miwili ya mvua ikapita salama. Katika msimu wa tatu ajuza akafariki, na asubuhi ya mazishi, jeneza likiwa bado nyumbani, mji mzima ulisikia mshindo. Boriti ya tatu ilikuwa imekatika, ikaburuta nyingine zote.

Waombolezaji walikuta ukuta wa mbele tu umesimama, na mlango umefungwa, unang'aa kwa mvua. Jeneza likatuliwa matopeni. Mwenyekiti alitoa ufunguo mfukoni akafungua. Ng'ambo ya kizingiti palikuwa na kifusi, na juu yake mawingu.

"Mjomba," alisema akilia, "mama aliniomba jambo moja tu."

Mwashi alivua koti lake, akamfunika dada yake, na ibada ikasomwa nje mvuani.

Kweli, nyumba njema si mlango: siku ile ulifunguliwa, na hapakuwa na ndani ya kuingia.