Kidole cha Sultani na Mguu wa Waziri

Hapo zamani palikuwa na Sultani mmoja, jina lake Zahrani, aliyetawala mji wenye kuta nyeupe na vichochoro vyembamba. Alikuwa mtu wa haki katika mambo mengi, ila katika jumba lake zilikuwako desturi mbili alizozirithi kwa babu yake, wala hapakuwa na mtu aliyethubutu kuuliza maana yake. Ya kwanza, lolote limpatalo Sultani huwapata na watu wake: akipiga chafya, baraza zima hupiga chafya, akikosa hamu ya kula, sahani zote hurudi jikoni zimejaa. Ya pili, raia hana ruhusa ya kuutazama mguu wa Sultani ulio wazi. Kwa hiyo kinyozi wake, Vuai, alipofika kila mwezi kumkata kucha za miguu, miguu ile ilifunikwa kitambaa cheupe cha pamba kilichotariziwa uzi wa dhahabu, naye Vuai akapitisha mikono chini ya kitambaa, akakata kwa kupapasa.

Vuai alikuwa kinyozi mzuri. Lakini mtu akataye asichokiona huogopa kuacha ncha, basi huzungusha, akazungusha tena, akafupisha pembeni. Ikawa mwaka ule ukucha wa kidole gumba cha mguu wa kulia ulipoota upya, pembe yake ilikosa njia, ikaingia nyamani. Tena Sultani alizoea kuvaa viatu vyembamba vyenye ncha kama mdomo wa kunguru. Kidole kikavimba, kikawa chekundu, kikatoa usaha.

Sultani akaanza kuchechemea. Papo hapo wakachechemea mawaziri, makadhi, askari na wapishi. Kufika alasiri soko zima lilikuwa likichechemea, na punda mmoja wa mchukuzi wa maji, aliyekuwa kilema tangu zamani, akasifiwa kwa utiifu wake.

Siku ya Jumamosi wakaitwa matabibu. Wa kwanza akataka majivu ya kwato za mbuzi. Wa pili akasema yeye hutibu akiwa chumba cha pili, akaenda huko, akakutwa amelala. Kisha akasogea Waziri Mahfudhi, akichechemea kuliko Sultani mwenyewe, akasema:

"Bwana wangu, maumivu yako ni maumivu yangu. Kidole chako kikiuma, changu huuma mara mbili. Shauri langu ni koleo. Ukucha ung'olewe wote, mara moja, mambo yaishe. Ni kama kuchomoa mwiba."

Sultani akaliwaza lile koleo. Aliogopa, na akaona haya kusema kwamba anaogopa. Basi akatoa amri akidhani itamfukuza kila mwenye koleo:

"Nitakubali dawa yoyote, kwa sharti tabibu asiutazame mguu wangu, asiuguse, wala asinitoe chozi. Na Ijumaa nikiwa sijapona, huyu Vuai aliyeniharibia ukucha atakatwa mkono wa kulia."

Vuai akafungwa, na matabibu wote wakarudi makwao, kwa kuwa hakuna aliyejua dawa ya namna hiyo.

Basi Vuai alikuwa na dada yake, aitwaye Mize, ambaye Jumamosi ile ile alikuwa amejifungua mtoto wa kike. Kwa desturi yao, mtoto akitimiza siku saba hunyolewa nywele alizozaliwa nazo, na wa kumnyoa ni mjomba wake. Siku ya saba ilikuwa Ijumaa. Mume wa Mize aliitwa Machano, fundi wa makubadhi, mtu asiye na kitu. Wateja walimlipa kwa muhogo, au kwa dua. Watu walimwita mpumbavu kwa sababu ukimwambia jambo alilishika kama lilivyotamkwa, asipunguze wala asiongeze. Lakini kwa kukaa chini miaka mingi akishona ngozi, aliijua miguu ya mji mzima kuliko nyuso za wenyewe.

Mize akamwambia, huku mtoto ananyonya, "Mume wangu, watu wanakuita mpumbavu."

"Wananiita," akasema Machano.

"Basi nenda kwa Sultani, maana wenye akili wote wamekwisha kwenda. Mwanangu atanyolewa Ijumaa, atanyolewa na kaka yangu, na kwa mkono wa kulia."

"Na nisipoweza?"

"Sikukuuliza hilo."

Jumapili asubuhi Machano akachukua kikapu, akapita kwa mhunzi akaazima koleo, akaenda zake mpaka jumbani. Bawabu alipomwona anatembea wima, akamzuia.

"Wewe, mbona huchechemei?"

"Nimekuja kutibu," akajibu Machano. "Tukichechemea sote, mgonjwa atamjuaje tabibu?"

Bawabu akampisha. Machano akafika mbele ya baraza, akainamisha kichwa, akataja jina lake.

Sultani akamuuliza, "Umeyasikia masharti yangu?"

"Nimeyasikia, bwana wangu. Sitautazama mguu wako, wala sitaugusa, wala sitakutoa chozi. Naomba ruhusa nimtibu Waziri."

"Waziri ana nini?"

"Kidole chake kinauma mara mbili ya chako. Alisema mwenyewe mbele ya baraza hili, na mtu mzima kama yeye hawezi kumwambia Sultani uongo. Sasa, kama maumivu ni yale yale, nikiyaondoa kwake yatakuwa yameondoka na kwako. Nami sikukatazwa kuutazama mguu wa Waziri."

Sultani akaukunja uso akifikiri, kisha akasema, "Mahfudhi, vua kiatu."

Waziri akavua. Ulikuwa mguu mzuri, mweupe nyayoni, na kucha zake zimekatwa sawasawa. Machano akaketi chini mbele yake, akatia mkono kikapuni, akatoa koleo la mhunzi, akalipangusa kwa kanzu yake.

"Hilo la nini?" akauliza Waziri.

"Ndiyo dawa uliyoichagua, Bwana Waziri. Mimi mjinga, siwezi kushindana na shauri lako. Tuanze na kidole kipi?"

"Ngoja kwanza," akasema Waziri, akiurudisha mguu chini ya kiti. "Ngoja. Kidole changu leo hakijambo."

"Kinauma au hakiumi?" akauliza Sultani.

Waziri akaona akisema kinauma, koleo liko karibu. Akisema hakiumi, amemdanganya mfalme mbele ya watu. Akasema, "Kinauma, bwana wangu, lakini maumivu ya kadiri tu. Nafikiri yanaweza kupoa kwa kitu kama maji."

"Jana ulisema koleo ni kama kuchomoa mwiba."

"Jana, bwana wangu, nilikuwa nikisemea kidole chako."

Mtu mmoja nyuma akakohoa. Sultani hakukohoa, kwa hiyo yule mtu akaacha.

Machano akarudisha koleo kikapuni kama mtu arudishaye kijiko. "Bwana Waziri amechagua maji," akasema, "nami sina kipingamizi." Akaomba beseni mbili, maji ya vuguvugu na chumvi. Beseni moja akaiweka mbele ya Waziri, akautumbukiza mguu wake. Wakakaa. Baada ya muda Sultani akasema:

"Machano, Waziri amelowa, na mimi bado kinaniuma."

"Huenda kidole chake kimetangulia, chako kikabaki nyuma," akasema Machano. "Watu hawa hukufuata wewe kila siku. Leo wewe mfuate Waziri, vidole vitakutana. Beseni ya pili ndiyo hiyo."

Basi kikatandazwa kile kitambaa cha uzi wa dhahabu magotini pa Sultani, na Sultani akatia mguu mwenyewe katika maji, chini ya kitambaa. Akashusha pumzi. Maji yalipoanza kupoa, Machano akamwambia Waziri, kwa sauti ya kusikika mpaka kwenye kiti cha enzi:

"Sasa, Bwana Waziri, kausha kidole chako taratibu. Chukua pamba, ndogo kama punje ya mchele, uiviringe. Tazama pembe ya ukucha ilipozama. Maji yamekwisha kuilainisha. Iinue kidogo, uiweke ile pamba chini yake, ili ukucha ukikua upite juu ya nyama, usipite ndani."

Waziri akafanya, ingawa ukucha wake haukuzama popote. Sultani naye akainama na pamba mkononi, akaingiza kichwa chini ya kitambaa, jambo ambalo hakuna mtu aliyewahi kumwona akilifanya. Akakaa humo kitambo. Chozi likamfika ukingoni mwa jicho, likasimama, likarudi lilikotoka. Kisha sauti yake ikasikika kutoka ndani:

"Ukucha huu umekatwa mviringo, kama ukingo wa sahani."

"Wa Waziri umekatwa sawa," akasema Machano.

"Nani anamkata?"

"Najikata mwenyewe, bwana wangu," akasema Waziri.

"Ukiwa unatazama?"

"Nikiwa natazama."

Sultani akatoa kichwa nje, kilemba kimekaa upande. Vuai akabaki kifungoni. Aliinuka, akapiga hatua mbili za mguu uliolowa kuelekea chumbani kwake, huku watumishi wamemzungushia kitambaa. Machano akabaki ameinamia sakafu, uzi mkononi.

"Unatazama nini wewe?" akauliza Sultani.

"Natazama alama ya maji, bwana wangu. Sakafu sikukatazwa. Mguu ulioacha alama hii ni mpana kuliko viatu vyako kwa vidole viwili."

"Pima," akasema Sultani, akaingia ndani.

Ikawa kila siku, asubuhi, adhuhuri na jioni, Waziri Mahfudhi anakaa barazani mguu majini, na Sultani anamfuata. Pamba ilibadilishwa kila siku. Usaha ukakauka siku ya tatu, uvimbe ukashuka siku ya nne. Kidole cha Waziri, kilichokuwa kizima tangu mwanzo, kikakunjamana kama zabibu kavu. Machano akiwa kwake alikuwa akishona makubadhi mapana, ya wazi mbele, kwa kipimo cha ule uzi. Mize alipita na mtoto begani, akaitazama ile kazi.

Ijumaa ikafika. Vuai akaletwa barazani amefungwa, na mwenye upanga akasimama pembeni yake. Watu wakaingia wakichechemea, kila mtu akashika mahali pake. Mlango ukafunguliwa, Sultani akatoka amevaa makubadhi mapya, vidole vimefunikwa kitambaa. Akatembea kutoka mlangoni hadi kwenye kiti, hatua kumi na mbili, mguu wa kulia sawa na wa kushoto. Kisha akarudi mlangoni, akaja tena, maana ilimpendeza.

"Mahfudhi," akasema, "kidole chako vipi?"

"Kimepona, bwana wangu."

"Lini?"

Waziri akatazama makubadhi ya Sultani. "Sasa hivi, bwana wangu. Hapo mlangoni."

Sultani akacheka. Alicheka mpaka akashika mkono wa kiti, na baraza zima likacheka kwa desturi, isipokuwa Vuai, ambaye hakujua kama anacheka kwa mikono miwili au kwa mmoja. Kwa hiyo Sultani akamgeukia, akamwambia mwenye upanga amfungue.

"Vuai alikata kama alivyoamriwa," akasema. "Amri ya kutotazama ilikuwa yetu, wala hakuna mkono wa mtu utakaoilipia." Akaketi, akanyoosha mguu mbele ya watu wote, akakiondoa kitambaa kwa mkono wake, akampa Vuai mkasi. "Ukucha wa mguu huu wa kushoto unaanza kurefuka. Kata. Kata sawa, usizungushe pembe."

Vuai akapiga magoti, akaushika mguu wa Sultani, akafumba macho kama alivyozoea miaka kumi na mmoja.

"Shemeji," akasema Machano, "fumbua."

Akafumbua, akakata, na ukucha ukakatika sawa.

Sultani akamwambia Machano aombe atakacho. Machano akafikiri, akasema, "Bwana wangu, vile vitambaa vya kufunikia miguu, sasa vina kazi gani?"

"Havina kazi."

"Basi naomba hivyo. Nyumbani kuna mtoto wa siku saba, na nguo zake za winda ni mbili tu, moja huwa kwenye kamba."

Likatolewa sanduku zima, vitambaa arubaini, vya pamba laini, akakabidhiwa Machano. Wakaenda nyumbani shemeji wawili, mmoja na sanduku kichwani, mwingine na wembe mfukoni. Mize aliwaona tangu kichochoroni. Alimtazama kaka yake mkono wa kulia, kisha wa kushoto, akampa mtoto ashike. Vuai akamnyoa polepole, macho wazi, mtoto hakulia.

Mize akafungua sanduku, akavikunjua vile vitambaa kimoja kimoja. Kabla ya kumvalisha mtoto alifumua uzi wote wa dhahabu, kwa sababu unakwaruza ngozi, akaukunja akautia katika kopo tupu la chumvi. Na makubadhi ya wazi yakaanza kuvaliwa mji mzima, kwa kuwa Sultani ameyavaa, hata na wale ambao vidole vyao havikuwahi kuuma.

Hapo ndipo hekaya hii iliponifikisha. Aliyechoka kukaa na anyooshe miguu.