Ukurasa Aliouruka Subilaga

Usiku mmoja wa mvua, huko Tukuyu, nyumbani kwa Mzee Ambakisye ilisikika fimbo ikigonga ubao wa kitanda. Ko, ko, ko. Subilaga, mkamwana wa nyumba hiyo, alikuwa amekaa koridoni nyuma ya pazia, mtoto mgongoni, kitabu mapajani, akainua macho kutoka kitabuni, maana mwenye fimbo ile alikuwa hajatamka neno tangu kiharusi kimwangushe mwaka uliopita. Halafu ikaja sauti, nzito, ya kukwaruza kama mlango uliosahauliwa kufunguliwa.

"Umeruka."

Mwacheni hapo kwanza na hofu yake, niwaonyeshe watu wenyewe, kwa sababu mwisho nitawauliza swali na sitaki mtu aseme hakuelewa.

Familia hiyo husoma pamoja. Kila mwezi kitabu kimoja, wakubwa kwa wadogo, na Desemba hukutana kupanga vitabu vya mwaka unaokuja. Aliyefanya jambo kubwa kuliko wenzake hukabidhiwa ufunguo wa kabati la vitabu, na mwenye ufunguo ndiye huchagua vitabu vya mwaka mzima, wengine husoma wapende wasipende. Sheria yao kali ni moja: msomaji haruki. Akiruka hata ukurasa mmoja, msikilizaji hugonga, na msomaji hupoteza kiti chake kwa mwaka. Ufunguo huo umeshikwa na watoto wa kuzaliwa, mmoja baada ya mwingine. Mkamwana hajawahi kuushika.

Tusajigwe, binti mkubwa, alijaliwa kumbukumbu. Hasahau sura, hasahau neno. Baba alipopata kiharusi na kunyamaza, ni yeye aliyekumbuka kwamba walipokuwa wadogo baba alikuwa na kitabu alichokisoma mpaka akakijua kwa moyo, kitabu cha mhunzi mmoja na wanawe. Ufunguo mwaka huo ulikuwa wake, akakipanga katika vitabu vya mwaka. Akasema, kama kuna kitu kitakachomrudisha baba, ni hicho.

Lugano, mdogo wake wa kiume, alijaliwa mkono. Mwandiko wake ukiuona utadhani umepigwa chapa. Kitabu cha nyumbani kilikuwa kimeliwa na mchwa, madukani hakipo, na nakala iliyobaki ilikuwa kwa rafiki wa baba huko Kyela, mzee mgumu aliyesema kitabu chake hakivuki kizingiti. Basi Lugano akaitumia likizo yake yote ya ualimu kwenye baraza la mzee yule, akikinakili neno kwa neno, joto na mbu juu yake, mpaka akarudi na nakala ya mkono wake.

Subilaga, mke wa mtoto wa kati ambaye yuko migodini Chunya, alijaliwa sauti. Aliishia kidato cha nne, kisha akaolewa, kisha Gwamaka akazaliwa. Wengine walijaribu kumsomea mzee wakachoka, wakasema ni sawa na kuusomea ukuta. Yeye hakuchoka. Na kwa mila ya nyumba hiyo mkamwana hakai chumba kimoja na baba mkwe wala hamtazami usoni, kwa hiyo alisoma nyuma ya pazia kila usiku baada ya kuosha vyombo, bila kujua kama anayesomewa anasikia, amelala, au amekwisha kufa. Fikirieni hofu hiyo.

Sasa turudi kwenye fimbo. Usiku ule Subilaga alifika mahali mhunzi yuko kitandani, anapumua bado, na wanawe mlangoni wanagombea nyundo na fuawe yake. Macho yake yalitangulia mbele kidogo, akayaona yajayo, akajiuliza atawezaje kumsomea maneno hayo mtu aliyelala vilevile. Akauacha ukurasa huo, akafunua unaofuata kimyakimya, akaendelea kana kwamba hakuna kitu.

Na mzee, aliyekijua kitabu kwa moyo, akagonga.

Subilaga akarudi nyuma, akausoma ukurasa ule wote. Alipomaliza, upande wa pili wa pazia mzee alikuwa anacheka polepole.

Desemba ikafika, mkeka ukatandikwa sebuleni. Mzee alikuwa amepata maneno machache tayari, na kila mtu alijua ufunguo safari hii ni wa aliyemrudishia sauti. Lugano akaanza kwa utani wake, kwamba shemeji asome bila kitabu tuone, na kama kuna mtu anabisha aende Kyela akaumwe na mbu wale. Tusajigwe akasema Kyela hakuna ambaye angekwenda kama yeye asingekumbuka cha kufuata. Kisha akamgeukia Subilaga.

"Wifi, wewe ndiyo kabisa. Neno la kwanza la baba lilikuwa la kukukemea. Uliruka, sheria unaijua. Unataka zawadi, wakati hata kiti hustahili?"

Subilaga akainua uso. Mwaka mzima alikuwa anaogopa, anaogopa pazia, anaogopa kukohoa, anaogopa mtoto asilie, na leo hofu hiyo ikakosa pa kukaa.

"Wifi, alinikemea kwa sababu alikuwa anasikiliza," akasema. "Na angesikiliza nini, kama ningechoka kama mlivyochoka ninyi? Niliruka, sikatai. Niliruka kwa sababu ukurasa ule ni watoto wanaogombania vitu vya baba yao, naye yupo hai, anawasikia. Sasa tazameni tunachofanya hapa."

Mama mkwe, aliyekuwa amerudishiwa ufunguo na kuufunga kwenye pindo la kanga yake, akaufungua polepole, akauweka katikati ya mkeka. Akasema yeye ni mama wa wote watatu na mkono wake hautachagua. Na kabla hajamaliza, kutoka chumbani fimbo ikagonga ubao wa kitanda. Ko. Wakasubiri neno. Neno halikuja.

Mpaka leo ufunguo uko pale mkekani, na Januari inabisha hodi. Bila Tusajigwe, nani angekikumbuka kitabu? Bila Lugano, kingetoka wapi? Bila Subilaga, kingesomwa na nani? Na kama asingeivunja sheria, mzee angegonga nini? Lakini sheria ikivunjwa na aliyehurumia, ni sheria bado? Huyu apewe ufunguo, au anyang'anywe hata kiti chake cha nyuma ya pazia?

Je, wewe ungeamua vipi? Ninong'oneze tu, maana nyumba hiyo ina masikio. Jibu lako litabaki kwangu. Naapa, sitamwambia mwingine.