Mvuke wa Somoe

Zamani, huko Uingereza, katika ule mji wa mawe ulioko bondeni, bwawa la maji ya moto halikuwa likifuka mvuke. Maji yalikuwa ya moto vilevile kama leo, yakibubujika kutoka chini ya ardhi bila kupumzika, lakini juu yake palikuwa peupe kabisa, na ukisimama ukingoni uliviona vigae vya chini kimoja kimoja. Wala wageni hawakusimama ukingoni wakatazama tu, kama mnavyowaona siku hizi na kamera zao. Waliingia, wakaoga, wakatoka maumivu yamewaachia. Mimi nawasimulia kama nilivyosimuliwa. Anayetaka ushahidi na aende akayaulize maji.

Katika zama hizo walikuwapo ndugu wawili wa tumbo moja, Mwanakombo na mdogo wake Somoe. Asili yao Siyu, lakini riziki ilikuwa imewapeleka katika mji mmoja wa viwanda kule Uingereza, mji wa moshi na mvua, wakawa wanafua mashuka ya hospitali. Mama yao alifariki Somoe akiwa bado anatambaa, na Mwanakombo ndiye aliyemlea, tena kwa mkono mzito. Somoe akishika chombo, dada yuko nyuma anaangalia kimeshikwaje. Akimwamkia mtu mzima, dada anasikiliza sauti imeshuka kiasi gani. Lakini alimpenda, hilo nalo tuliseme, alimpenda kuliko alivyojipenda mwenyewe.

Mwaka ule Somoe alishikwa na kifua. Alikohoa mpaka akawa anapanda ngazi kwa vituo kama bibi kizee, na Mwanakombo alikuwa akilala jicho moja, akisikiliza kama pumzi ya mdogo wake imerudi. Dawa zilishindwa. Ndipo wafanyakazi wenzao walipowashauri waende kwenye mji wa maji ya moto, wakapumzike siku mbili tu, wengi wamepona huko. Mwanakombo aliomba ruhusa kazini, akafunga mzigo mdogo, wakaondoka.

Nyumba za mji ule zilikuwa za mawe ya rangi ya asali, zimejipanga kwa mstari uliopinda kama mwezi mwandamo, milango imefanana mpaka mgeni husahau ametoka upi. Mwanakombo aliupenda usafi wa pale. Alipoliona bwawa, jambo la kwanza aliloliona ni kwamba chini hapakuwa na chembe ya mchanga wala jani lililooza. Akajiuliza ni nani anayefagia huko chini, na namna gani. Swali lile halikumkaa vizuri moyoni, ila alilinyamazia.

Walipokewa na mama mmoja wa makamo aliyeitwa Bi. Hesta, mwenye nyumba ya wageni kando ya bwawa. Alikuwa mpole, msemaji wa sauti ya chini. Vidole vyake vilikuwa vimenyauka kama vya mtu aliyeshinda kwenye beseni la nguo, na Mwanakombo, mfuaji, alivijua vidole vya namna hiyo. Tofauti ni kwamba vya Bi. Hesta vilikuwa hivyo asubuhi na jioni, na kila aliposimama aliacha alama ya unyayo wa maji sakafuni. Aliwaonyesha chumba, akawaambia neno moja tu la masharti.

"Kuleni, ogeni, laleni. Katika nyumba hii mgeni hashiki kazi."

Mwanakombo alitabasamu. Kwao hakuna mwenyeji asiyesema hivyo. Mwenyeji atasema, kaa, usijisumbue, huku anangoja aone kama utainuka ukamnyang'anya sahani mkononi. Asiyeinuka husemwa mpaka kaburini. Kwa hiyo Mwanakombo alilichukua neno lile kama tunavyolichukua sote, akaliweka upande wa heshima.

Somoe aliingia majini siku ile ile. Alipotoka, kikohozi kilikuwa kimelegea. Kesho yake alilala mpaka jua likamwamsha, akaamka anaimba, na Mwanakombo aligeukia dirishani ili asionekane analia. Ilikuwa waondoke asubuhi iliyofuata. Somoe akaomba, siku moja tu, dada, moja tu nimalizie. Hakuwa mtoto wa kuomba omba, na ombi lile lilimvunja dada yake. Walipomweleza Bi. Hesta, aliwauliza kama wana hakika. Wakasema wanayo. Akajibu kwamba nyumba ile haimfukuzi mgeni.

Siku ya tatu Mwanakombo aliamka mikono inamwasha. Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Na mwenyeji huyu, kwa haya zake, jembe hakuleta. Basi mtu mwenye adabu hulitafuta mwenyewe. Alimwambia Somoe kwamba sasa amepona, hana kisingizio, ashuke akamsaidie Bi. Hesta, wasije wakaonekana ni watu wasiolelewa. Somoe alicheka, akajifunga leso kiunoni, akachukua ufagio uliokuwa nyuma ya mlango, akaanza kufagia ukumbi kwa ule ufagiaji aliofundishwa, kutoka pembeni kuja katikati.

Bi. Hesta alipotokea na kumwona, hakupiga kelele. Alikaa juu ya ngazi, akafunika uso kwa viganja. Mwanakombo alishuka mbio akidhani mama wa watu ameugua.

"Nilikwambia mgeni hashiki kazi," Bi. Hesta alisema. "Ukadhani nakukirimu."

Ndipo alipoeleza. Yeye mwenyewe alikuja pale mgeni, kutoka kijiji cha jirani, ameletwa na nyonga. Alipona, akaongeza siku, na asubuhi ya siku hiyo akatandika kitanda chake kwa mazoea tu. Wafalme kadhaa wamekwisha kufa tangu wakati huo. Maji yale humtibu mgeni na kumwachia aende zake, lakini anayeshika kazi ya nyumba amekwisha kusema kwamba yeye ni wa nyumba, na maji hayawaachi watu wa nyumba yao; kila mmoja hubaki na kazi ile ile aliyoanza nayo.

Somoe alikuwa amesimama na ufagio wake, anatazama viganja. Vilikuwa vimenyauka, na maji yalichuruzika vidoleni ingawa hakuwa amegusa ndoo. Mwanakombo alimfuta kwa leso yake mpaka leso ikalowa chapachapa, na mikono haikukauka. Akamshika kifundo cha mkono, wakatoka mbio kuelekea darajani, maana ng'ambo ya daraja mji ulikwisha. Walipofika katikati kifua cha Somoe kilifunga. Midomo ikawa ya samawati, macho yakapinduka. Mwanakombo alimrudisha nyuma, pumzi ikarudi. Akajaribu tena, ikafunga tena. Mwishowe ikambidi amrudishe kwa mkono wake mwenyewe hadi kwenye mlango ule, amkabidhi pale. Mimi sijui uchungu unaoushinda huo.

Haikupita muda, Somoe hakuonekana tena chumbani. Mwanakombo alimtafuta nyumba nzima, kisha akaenda bwawani, akainama. Chini ya maji walikuwapo watu wanafagia. Walikuwa wengi, wanaume kwa wanawake, wengine na mavazi ya zama ambazo hakuzijua, wameinamisha vichwa, wanafagia taratibu kama watu wanaosafisha uwanja siku ya kuamkia Idi. Siku mbili zote hakuwa amewaona, kwa sababu hakuwa na mtu wake miongoni mwao. Sasa alikuwa naye. Somoe alikuwa upande wa pili, leso kiunoni, anafagia kutoka pembeni kuja katikati.

Mwanakombo akakaa ukingoni. Alisema haondoki, atakaa pale amlinde mdogo wake hadi maji yamtapike. Bi. Hesta akaja akasimama nyuma yake na kumwonya kwamba hata kulinda nako ni kazi, na jua likichwa angali ameketi pale, naye atakuwa ameajiriwa. Mwanakombo akajibu kwamba na iwe hivyo. Akashusha mguu mmoja majini.

Huko chini Somoe aliacha kufagia, akainua uso. Sauti yake ilipanda kama sauti ya mtu aliye chumba cha pili.

"Dada, usinitazame. Nenda nyumbani."

"Siendi bila wewe."

Maisha yake yote Somoe hakuwahi kumkaidi dada yake. Siku ile alimkaidi. Alivuta pumzi, yeye ambaye pumzi ilikuwa haimfikishi juu ya ngazi, akaishusha yote kwa mkupuo. Kitu cheupe kilipanda kutoka chini, kikatanda juu ya maji, kikazidi kuwa kizito. Kwanza ikapotea leso, kisha wale wengine, kisha vigae, kisha Mwanakombo hakuuona hata mguu wake mwenyewe. Alipapasa, akapuliza, akapunga kwa mikono miwili. Aliita mpaka sauti ikamkauka. Mtu hawezi kumlinda asiyemwona, na Somoe alilijua hilo.

Bi. Hesta alimwinua, akamwongoza taratibu hadi darajani, mkono wake wenye majimaji begani mwa mwenzake. Alikomea pale alipokuwa akikomea siku zote. Mwanakombo akavuka peke yake, kifua chake kizima, na hakuna aliyemsikia akiimba tena maishani mwake.

Na tangu siku hiyo bwawa lile hufuka mvuke, na asubuhi za baridi hufuka hata usimwone mtu aliye mbele yako. Wageni hawaingii tena. Hutazama, hupewa maji kidogo katika kikombe waonje, wakakunja uso, wakaenda zao. Na watu wetu wanaokwenda kupumzika katika mji ule hulala siku mbili tu, ya tatu asubuhi wako stesheni. Kitanda hatutandiki, sahani hatuiondoi mezani, na mtoto akiuinua ufagio tunampiga kofi la mkono hapo hapo. Wenye hoteli hunong'onezana kwamba hawa ni watu wasiolelewa. Waacheni waseme. Tulilelewa vizuri mno, na ndiyo maana Somoe hakurudi.