Kanga za Sikudhani

Sogeeni karibu, na mwenye simu aizime. Nikishaanza sirudii. Mwishoni nina swali, na mtu asije akaniambia alikuwa anajibu meseji.

Palikuwa na mwigizaji huko Tanga, jina lake Sikudhani. Miaka saba aliigiza kwenye runinga mama mkwe mwenye gubu, anayemnyima mkwewe hata chumvi. Aliigiza vizuri mno, na hilo ndilo lililomponza, maana watu walimchukia kweli kweli. Shoga yake Chausiku alikuwa na kumbukumbu: akisoma maneno mara moja, yamekaa. Mhando alikuwa mpiga ngoma wa kikundi chao cha maigizo, na ngoma yake iliweza kutuliza hata watu wanaogombania pilau. Zaituni, muuza nyanya, kipaji chake kilikuwa mdomo.

"Sikuuzii!" Zaituni alimwambia Sikudhani siku moja sokoni. "Mtoto wa watu umemnyima chumvi, leo unataka nyanya zangu?"

"Dada, ile ni kazi tu."

"Kazi gani ya kutesa watu? Hebu nipishe!"

Sikudhani alirudi nyumbani akalia. Alitaka jambo moja tu, watu wa mji wake wamwone yeye, si yule mama wa kwenye runinga. Basi akaandika mchezo wa jukwaani, wa mama mkwe anayeuza cherehani yake ili mkwewe akasome. Aliuandika mwaka mzima kwenye madaftari, akisubiri zamu yake ya kurekodiwa, poda usoni.

Akampa Chausiku asome. Chausiku akasoma, akalia, kisha akayasahau madaftari uani. Mvua ikanyesha, wino wote ukayeyuka.

"Nisamehe, shoga," Chausiku akasema. "Chukua kalamu."

"Ya nini tena?"

"Wewe andika."

Siku tatu mmoja alitaja, mwingine akaandika, neno kwa neno. Bila Chausiku, mchezo usingekuwapo. Namsikia mtu huko nyuma anasema bila Chausiku madaftari yasingelowa. Subiri, bwana, hatujafika huko.

Jumamosi alasiri, siku ya onyesho la kwanza, ukumbi ulijaa. Walikuja kuzomea! Sikudhani alipotokeza tu, "Huyooo! Toka!" Aliyeanza ni Zaituni, mstari wa mbele. Sikudhani akageuka aondoke. Hapo Mhando akaanza kupiga ngoma, polepole, wala hakuacha. Akapiga mpaka viganja vikachubuka, mpaka wazomeaji wakachoka, ukumbi ukatulia.

"Sema sasa, dada," akamwambia. Bila Mhando, asingesikika hata neno moja.

Wakasikiliza, lakini mikono wameikunja kifuani. Ikafika mahali mwana anamfokea mama yake kwa kuuza cherehani. Lo! Zaituni akashindwa kuvumilia. Akavua ndala, akapanda jukwaani nayo mkononi.

"We kijana, huna adabu! Mama kauza cherehani yake kwa ajili ya mkeo, unamfokea?"

Mwigizaji wa watu akakimbilia nyuma ya pazia. Zaituni akamkumbatia Sikudhani, analia. "Mwacheni mama wa watu! Hana kosa!" Ukumbi mzima ukasimama, vigelegele juu. Sikudhani naye akalia, na kilio hicho hakikuwa kwenye daftari. Bila Zaituni, wangemsikia tu, wasingempenda.

Sasa, kikundi chao kina desturi. Kanga alizovaa mwigizaji mkuu siku ya kwanza hazifuliwi. Mwenyewe humpa mtu mmoja aliyeufanikisha mchezo, naye huzivaa akaketi kiti cha mbele kila onyesho. Doti haitenganishwi, kwa hiyo msinijie na habari za kugawana.

"Maneno yalitoka kichwani mwangu," akasema Chausiku.

"Baada ya kuyalowesha," akajibu Mhando. "Mimi viganja vyangu hivi hapa, vitazameni."

"Mimi sidai," akasema Zaituni. "Nilimkosea tangu sokoni. Ila kanga zenyewe nzuri, jamani!"

Sikudhani kasimama na kanga mikononi, anacheka huku anajifuta machozi. Wote watatu anawapenda, na onyesho la pili ni kesho.

Haya, semeni. Ungekuwa wewe Sikudhani, ungemvika nani? Na atakayenijibu "wote", namtoa nje.